Adabu ya Mkufu

Bibi aliponiitikia marahaba, nilijua kuna mtu mwingine anaongea.

Nilikuwa nimesimama miguuni pa kitanda chake, begi la shule bado mgongoni, na nilikuwa nimemwamkia kama ninavyoamkia watu siku zote, yaani kwa sauti ya kumezwa. "Shikamoo Bibi." Taa ya kijani kwenye mkufu wake wa kusemea ikawaka. Kisha ikatoka sauti yake, ile ile yenye mikwaruzo, ila safi kama imetoka kufuliwa.

"Marahaba mjukuu wangu. Hujambo? Masomo yanaendeleaje?"

Mama akatabasamu. "Umeona? Leo yuko vizuri."

Tangu nijue kuongea, Bibi Nyamizi hajawahi kunipa marahaba hata siku moja. Sisi ni watani, bibi na mjukuu wake, na kwake utani ulikuwa kazi ya kudumu. Nikimwamkia ananijibu, "Sikupi, mke mwenzangu. Kwanza niambie mume wangu umemficha wapi." Huyo mume ni babu, aliyekufa hata mimi sijazaliwa, lakini Bibi alikuwa bado ananituhumu. Alinituhumu mbele ya marafiki zangu. Alinituhumu siku ya mahafali mbele ya mkuu wa shule, mpaka masikio yangu yakapata moto. Na sasa amenipa bure, na juu yake ameniuliza masomo.

"Mama," nikasema.

"Mm."

"Kaniitikia marahaba."

"Sasa ulitaka akutukane?"

Mimi huwa nikiulizwa swali kama hilo maneno yanarudi chini. Na Dokta Lukelo alikuwa ameshaingia, kishikwambi mkononi. Bado kijana, mrefu, anaongea polepole kama mtu aliyebeba sahani nyingi. Alipiga goti ili macho yake na ya Bibi yawe sawa. Nilimpenda kwa hilo.

"Bibi Nyamizi, shikamoo."

"Marahaba, daktari."

"Nilikueleza juzi, narudia tena. Nyuzi zako za sauti zimelala, na zimelala zikiwa zimebanana. Hewa inapita kwenye ufa mdogo tu. Ndiyo maana ukipumua tunasikia mluzi. Siku moja usingizini ufa utafunga. Kesho nikikufungua koo, utapumua vizuri, lakini nyuzi hizo hazitatoa sauti tena maisha yako yote. Utaongea kwa mkufu peke yake. Umenielewa? Unakubali?"

Taa ikawaka.

"Ndiyo, daktari. Nakubali. Asante sana kwa kazi yenu nzuri."

Dokta akagusa kishikwambi, idhini ikawa imepita. Kwa sheria ilivyo sasa hivi, mkufu ukisema, amesema mgonjwa. Ndugu hana ruhusa ya kupinga.

Nikamtazama Bibi usoni. Uso wake ugonjwa uliugandisha zamani. Kope zinafumba na kufumbua zenyewe bila mpango wowote, mikono inacheza yenyewe juu ya shuka, kwa hiyo huwezi kumwambia, "Bibi, kama hutaki nifinye." Atakufinya hata kama anataka. Kitu kimoja tu kilibadilika. Ule mluzi wa kooni ulipanda juu, mwembamba, ukakaa huko.

Bibi yangu alikuwa mnadi wa nguo. Alisomesha watoto wake kwa koo lake, kwenye mnada wa Ipuli, siku za vumbi na siku za tope. Alikuwa anaweza kuiuza suruali iliyochanika kwa kumwambia mteja kwamba hilo tundu ni dirisha. Kiunoni alijifunga kanga moja ya zambarau, na kila mnada lazima mtu aitake hiyo hiyo. Bibi anaipiga kwa kiganja: "Hii haiuzwi. Hii ni ya mwenyewe." Watu wanacheka, halafu wananunua zingine.

Mtu huyo ndiye aliyekuwa anasema asante kwa kazi yenu nzuri.

*

Mama alishuka chini kuzungumza na watu wa chumba cha operesheni. Nikabaki na Bibi.

Wodi ya mikufu iko ghorofa ya juu, madirisha yake yanatazama stesheni ya treni. Wazee wote humo wana ugonjwa wa aina moja au ndugu yake, ule wa ubongo kuishiwa dopamini, kemikali inayosaidia mwili kutii amri, na wote shingoni wana ule mduara wa fedha wenye taa. Hakuna kelele. Nilikuwa naisifia kimoyomoyo, kwamba hawa wazee wana subira. Siku hiyo nikaanza kusikiliza.

Toroli la uji lilikuwa linapita lenyewe katikati ya vitanda. Likasimama kwa Mzee Kapaya, kitanda cha mkabala na chetu. "Nikuongeze uji, mzee?"

"Asante, nimeshiba," ukasema mkufu wake.

Toroli likaondoka. Bakuli la Mzee Kapaya lilikuwa limejaa mpaka juu, lina utando. Hakuna aliyeligusa.

"Asante, niko salama," ukasema mkufu wa kitanda cha pili, na yule mama alikuwa ameteleza, kichwa kimening'inia nje ya mto.

"Asante, hakuna shida."

"Asante, Mungu awabariki."

Nilimweka yule mama kichwa vizuri. Nikarudi kwa Bibi, nikainama kwenye sikio lake, nikasema kitu ambacho sijawahi kumwambia. Utani siku zote ulitoka kwake kuja kwangu, mimi nilikuwa wa kuona aibu tu.

"Bibi. Babu ameniambia hakutaki tena. Anasema umezeeka, unanuka mitumba."

Kwa neno hilo Bibi wa kweli angetafuta kiatu.

Taa ikawaka. "Asante kwa kuja kuniona, mjukuu wangu."

Na chini ya hiyo sauti safi, kooni kwake, ule mluzi ulikatika katika vipande vifupi vifupi. Nikauangalia mdomo wake. Ulikuwa haujafanya kitu. Lakini mimi naijua pumzi ya Bibi, nimelala naye kitanda kimoja mpaka nilipoingia sekondari. Alikuwa anacheka. Yuko humo ndani anacheka, na mkufu unanishukuru kwa kuja.

*

Mama nilimkuta kwenye korido, ameegemea ukuta, amefumba macho.

"Mama, anayeongea siyo Bibi."

"Kalunde, nimechoka."

"Mkufu unamjibia. Nimemtukana, kanishukuru."

Alifumbua macho. Nilidhani atanigombeza kwa kumtukana Bibi. Badala yake aliangalia sakafu, na mimi nikajua kuna kitu anakijua.

"Ni adabu," akasema.

"Adabu gani?"

"Unakumbuka wakwe wa mjomba wako Maganga walipokuja kutembea?"

Ningesahau vipi. Bibi alikuwa na mkufu bado mpya, na ishara zake zilikuwa na nguvu. Baba mkwe alipoingia na suti yake ya kijivu, Bibi akamwambia kupitia mkufu, mbele ya sahani za pilau, "Mkwe, hiyo suti naijua. Niliinadi wiki nzima ikakosa mtu." Mjomba alitaka ardhi ipasuke.

"Tulimwita fundi," Mama akasema. "Maganga na mimi. Akatuambia kuna sehemu ya adabu, ukiiwasha mkufu unapunguza makali. Tukamwambia awashe. Nikaona raha, Kalunde. Mama yangu akawa mama wa kuongea naye vizuri, kila simu ananibariki. Nikajiambia uzee umemlainisha."

"Basi tumwambie Dokta."

Mama hakusogea. "Unausikia ule mluzi wake? Mimi kila akilala nakaa pale kuhesabu kama utarudi. Kesho anafunguliwa. Kesho mama yangu anapumua. Wewe unataka niende kumwambia daktari aache?"

"Nataka tumuulize."

"Na akikataa?"

Nilikuwa sijafika huko kwa mawazo. Mi nilitaka tu Bibi wangu arudi aninyime marahaba.

Tulisimama pale mpaka treni ikaingia stesheni na kutoka. Halafu Mama akajisukuma ukutani na kuanza kutembea kuelekea ofisi ya Dokta, haraka haraka, kama mtu anayeogopa kwamba akipunguza mwendo atageuka.

*

Dokta Lukelo alisikiliza mpaka mwisho. Alifungua mpangilio wa mkufu wa Bibi, akasoma, kalamu ya kishikwambi mdomoni.

"Mimi mwenyewe sikuangalia," akasema. "Nilidhani adabu ni kuondoa matusi tu. Lakini neno 'hapana', ukilitamka kavu mbele ya daktari, kwa mtu mzima, nalo ni utovu wa adabu. Mtu mwenye adabu anasema ndiyo, halafu harudi kliniki." Alicheka kidogo bila furaha. "Mkufu umejifunza kwetu wenyewe."

Akanichorea, kwa sababu niliuliza mkufu unajuaje Bibi anataka kusema nini. Neva inayoendesha sauti haiendi kooni moja kwa moja. Inatoka kwenye ubongo, inapita shingoni na kushuka kifuani, inazunguka mshipa mkubwa wa damu karibu na moyo, ndipo inapanda tena kooni. Mkufu unaisikiliza amri njiani.

"Amri ikiwa na nguvu, mkufu unasema alichoamuru. Lakini shina la ubongo wake linakufa polepole, dopamini inakauka, amri zinafika zimechoka. Hapo mkufu unajazia. Kama simu inavyokumalizia sentensi. Na ukiwa umewashwa adabu, unajazia kwa adabu."

"Zima," Mama akasema.

Tulirudi wodini. Dokta akazima adabu, akapiga goti tena. "Bibi Nyamizi, unakubali operesheni?"

Taa haikuwaka.

"Bibi?"

Mluzi tu. Amri ilikuwa dhaifu mno, na mkufu usioruhusiwa kukisia haukuwa na la kusema. Tukawa tumetoka kwenye jibu la uongo tumeingia kwenye hakuna jibu.

"Kuna sindano," Dokta akasema baada ya muda. Alikuwa ameshusha sauti. "Inamimina dopamini kwa mkupuo. Kwa dakika chache ubongo unaamka, na anaweza kusema kwa nyuzi zake mwenyewe. Kunong'ona hivi. Lakini nyuzi zikiamka vibaya zinaweza kubana kabisa. Nitakuwa na mfuko wa hewa mkononi. Siwezi kuapa kwamba itatosha."

"Yaani kumuuliza kunaweza kumuua," Mama akasema.

"Ndiyo."

"Na anayetakiwa kukubali hiyo sindano ni yeye."

"Ndiyo. Na hawezi kusema." Alijipangusa uso. "Naweza pia kuiacha ile ndiyo ya mwanzo. Kisheria ipo, na imerekodiwa. Hakuna atakayeniuliza."

Kitanda cha mkabala mkufu wa Mzee Kapaya ukasema, peke yake, kwa toroli lililokuwa linapita, "Asante, nimeshiba."

Dokta aligeuka, akaliangalia lile bakuli lenye utando. Aliliangalia kwa muda.

"Mchome," Mama akasema. Sauti yake ilikuwa imekatika katikati. "Maisha yake yote hakuna mtu aliyemsemea. Mchome."

*

Mkufu ilibidi uvuliwe ili shingo iwe wazi. Mara ya kwanza kuiona shingo ya Bibi tangu mwaka jana. Ilikuwa nyembamba, ina alama ya duara, nyeupe.

"Mkufu ukivuliwa, sheria inarudi kwenye masikio," Dokta akasema. "Atakayemsikia ndiye atakayesema alichosikia. Mimi nitakuwa kichwani na hewa, hii mashine inapiga kelele, sitasikia mnong'ono. Nani anakaa mdomoni?"

Mama alikuwa ameshakwenda dirishani, ametupa mgongo, viganja masikioni. Hakuwa anaweza tena kuuvumilia ule mluzi.

"Mimi," nikasema.

Sindano iliingia. Kwanza mikono ya Bibi ikatulia juu ya shuka, ikawa mikono ya kawaida. Halafu kope zikaacha kupepesa. Macho yake yakanitafuta, yakanipata, na yakabaki hapo. Nilikuwa nimesahau kwamba macho yake yanaangalia.

Nikaweka sikio mdomoni mwake. Pumzi yake ilikuwa ya moto.

"Mke," alisema. Kimya. Mluzi. "Mwenzangu."

Haikuwa sauti ya mkufu. Ilikuwa kama karatasi inayoburutwa juu ya saruji. Nililia hapo hapo, bila kutoa sauti, maana ningeizima.

"Bibi Nyamizi," Dokta akasema kwa nguvu juu ya mashine, "tukufungue koo kesho? Utapumua, ila sauti yako hii itakwisha. Ndiyo au hapana?"

Alivuta hewa. Ilimchukua muda mrefu, mluzi ukipanda, ukipanda.

"Hapana," Bibi akaniambia sikioni. Akavuta tena. "Hii... haiuzwi."

Kisha mluzi ukakatika.

Kifua chake kilipanda na hakikuingiza kitu. Macho bado yananiangalia. Dokta alinisukuma kwa kiwiko, akambandika barakoa, akabana mfuko wa hewa mara moja, mara nyingine, anamwambia, "Haya Bibi, haya, haya," kama mtu anayembembeleza ng'ombe kwenye mto. Midomo ya Bibi ikaanza kuwa na rangi ya kanga yake.

Ndipo mluzi ukarudi. Mwembamba, mbaya, mzuri kuliko wimbo wowote.

Kope zikaanza tena kupepesa ovyo. Mikono ikaanza kucheza. Amekwenda tena huko ndani.

Mama aligeuka. "Amesemaje?"

Dokta alikuwa anahema. Naye akaniangalia. "Mimi nimesikia mashine tu. Umesikia, Kalunde?"

Nilikuwa na neno moja mdomoni, jepesi kabisa. Ndiyo. Ningelisema, kesho Bibi angefunguliwa, na Mama angelala usingizi. Pale mkufu ulipokuwa unatudanganya, ulitudanganya hivyo hivyo, kwa upole, kwa kutupa tulichotaka kusikia. Na mimi ni mtoto mwenye adabu sana. Kila mtu mtaani anasema. Kalunde hajawahi kumjibu mtu vibaya. Kalunde hana neno.

Nilihisi nyuzi zangu za sauti, zote mbili, zimekaa kooni zinasubiri amri.

"Amesema hapana."

"Umesikia vibaya," Mama akasema papo hapo.

"Amesema, hapana. Hii haiuzwi."

Lakini Mama alilelewa chini ya meza ya mnada ya Bibi, amelala juu ya marobota, na hilo neno amelisikia kabla hajajua majina ya rangi. Alijua mimi siwezi kulitunga. Akakaa pale pale sakafuni chini ya dirisha, akafunika uso kwa mtandio.

Nilitaka kwenda kumshika. Sikuthubutu. Mimi ndiye niliyekuwa nimelileta hilo neno.

Bila kufunua uso, Mama akauliza, "Hiyo barakoa. Akilala nayo?"

"Inasaidia," Dokta akasema. "Haitoshi, Mama Kalunde. Siwezi kukuambia inatosha. Lakini inasaidia."

"Basi mwekeeni."

*

Asubuhi chumba cha operesheni walipewa wengine.

Mama alikuwa anamchana Bibi nywele nilipofika. Hakuniangalia. Tangu jana hakuwa amenisemesha, hata chai alikuwa ameniachia mezani na kutoka. Barakoa ilikuwa imening'inia pembeni ya kitanda, na mkufu umerudi shingoni, adabu imezimwa.

Wodi ilikuwa tofauti, na ilinichukua muda kujua ni nini. Hakuna aliyekuwa anashukuru. Dokta Lukelo alikuwa amepita kitanda kwa kitanda tangu alfajiri na kuzima. Toroli la uji lilifika kwa Mzee Kapaya, likauliza, "Nikuongeze uji, mzee?" na mzee hakusema kitu, na toroli halikujua lifanye nini. Likabaki limesimama. Dokta akavuta stuli, akachukua kijiko, akaanza kumlisha mwenyewe, polepole. Mzee Kapaya alimaliza bakuli lote.

Nikasimama miguuni pa kitanda chetu. Begi mgongoni. Nilisafisha koo, na safari hii nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka kitanda cha mwisho.

"Shikamoo Bibi."

Taa haikuwaka. Mluzi wake ulipanda, ukashuka, ukapanda. Nikangoja. Kope zake zilipepesa bila mpango. Nikangoja tena.

Mama alisimamisha chanuo.

"Kakunyima," akasema.

"Siku zote," nikasema, nikavuta kiti.